Jozi 47 za Viatu vya Kike

Tarehe 19 Mei mwaka 303, msimamizi wa mji wa Cirta, ambao leo ni Constantine nchini Algeria, alifika na watu wake kwenye nyumba waliyokutania Wakristo. Aliitwa Munatius Felix, naye alikuwa pia kuhani wa dini ya dola. Miezi mitatu kabla, Kaisari Diocletianus alikuwa ameamuru makanisa yabomolewe na vitabu vitakatifu vichomwe. Kila kilichotolewa mle ndani kiliandikwa: vikombe 2 vya dhahabu na 6 vya fedha, taa 7 za fedha, taa 11 za shaba pamoja na minyororo yake. Kisha orodha inaendelea vilevile, kana kwamba hakuna kilichobadilika: kanzu za kike 82, shungi 38, kanzu za kiume 16, viatu vya kiume jozi 13, viatu vya kike jozi 47, majoho ya shamba 19.

Imani ya Wakristo wa karne zile tumezoea kuitafuta kwa mashahidi waliouawa na kwenye mabishano ya maaskofu. Kwangu mimi, stoo ile ya nguo inasema zaidi, kwa sababu walioiorodhesha hawakuwa na nia ya kumsifu yeyote; walikuwa wakitaifisha mali. Viatu vya kike vilizidi vya kiume zaidi ya mara tatu, na sababu haiko mbali. Mjane asiye na mtoto wa kumtunza hakuwa na pa kushika. Mwaka 251 Cornelius, askofu wa Roma, aliandika kwamba kanisa lake lilikuwa likiwalisha wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Kabla yake, karibu mwaka 197, Tertullianus wa Karthago alieleza jinsi waumini walivyotoa sarafu mara moja kwa mwezi, kila mtu kwa hiari na kadiri ya uwezo wake, ili walishwe na kuzikwa maskini, watunzwe yatima, na wazee wasioweza tena kutoka nje. Sarafu moja, jozi moja ya viatu: imani ilipimwa kwa vipimo hivyo vidogo.

Wapo wanaosema huenda nguo zile zilikuwa za ubatizo. Sioni anayebatizwa akihitaji joho la shamba. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba wema huo ulikuwa chambo cha kuvutia waumini. Ni kweli uliwavuta watu. Pachomius, ambaye baadaye alianzisha monasteri za Misri, alikuwa kijana asiye Mkristo, ameandikishwa jeshini kwa nguvu na kufungiwa katika mji mmoja pamoja na wenzake, Wakristo wa mji ule walipowaletea chakula. Lakini waliompa hawakujua atakuwa nani; kesho yake angesafirishwa, wasimwone tena. Chambo hakitupwi kwa samaki anayeondoka. Hata Kaisari Julianus, aliyetaka kurudisha miungu ya zamani, aliungama katika maandishi yake kwamba Wakristo walipata nguvu kwa kuwajali maskini ambao makuhani wake waliwapuuza. Na tusisahau kwamba ngano ya bure ambayo dola iliitoa mjini Roma iligawiwa kwa uraia, si kwa njaa. Mgeni na mtumwa hawakuwamo.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uchungu linatoka ndani ya Kanisa lenyewe. Orodha ya Cirta imetufikia kwa sababu mwaka 320 ilisomwa mbele ya gavana Zenophilus, katika kesi iliyomhusu Silvanus, ambaye siku ile ya 303 alikuwa shemasi mdogo na sasa alikuwa askofu. Alishtakiwa kwamba ndiye aliyewakabidhi maofisa vyombo vya kanisa. Likaibuka na jingine: mwanamke tajiri, Lucilla, alitoa mifuko 400 ya fedha, na maaskofu wakagawana. Kashfa hiyo haiivunji hoja yangu. Hasira ya mashtaka yale ilitokana na jambo ambalo kila aliyekuwepo alilijua, kwamba sadaka ni ya maskini na anayeichukua ameiba. Gavana mwenyewe hakuhitaji kuelezwa hilo. Aliuliza kama maskini walipata chochote katika fedha zile, na mashahidi wakajibu kwamba hawakupata.