Mteja Asiyenuna

Mwaka 1983, kampuni ya Bally Midway ya Marekani ilitoa Tapper, gemu ya mhudumu wa baa mwenye kaunta nne na wateja wasiokwisha. Anawasukumia vikombe vya bia kabla hawajafika mwisho wa kaunta, huku akidaka vitupu vinavyorudi mbio. Kimoja kikianguka, roho moja imekwenda. Mashine yenyewe ilichezwa kwa mpini wa bomba la bia na ilibeba nembo ya Budweiser. Kumbi za michezo zilijaa watoto, kwa hiyo mwaka 1984 likaletwa toleo lenye soda badala ya bia.

Pombe ikaondoka, mbio zikabaki. Miaka kama ishirini baadaye studio ya Gamelab ya New York ikatengeneza Diner Dash, iliyosambazwa na PlayFirst. Flo, mwanamke aliyeichoka kazi ya ofisini, anafungua mgahawa wake. Hapo ndipo balaa linapoanza: kukalisha wageni, kuchukua oda, kupeleka jikoni, kuleta sahani, kudai bili, kufuta meza. Kila mteja ana safu ya mioyo midogo. Ukimchelewesha inapungua mmoja mmoja, mwisho ananyanyuka na kuondoka bila kulipa. Kwa macho yangu, mioyo ile ndiyo ubunifu mkubwa kuliko yote, maana hasira ya mteja ikawa kitu cha kuhesabika.

Mwendelezo wake, Diner Dash 2: Restaurant Rescue, ulitoka mwaka 2006. Tajiri aitwaye Mr. Big anataka kuwang'oa marafiki wanne wa Flo kwenye migahawa yao ajenge jumba kubwa la vyakula. Flo anawaokoa kwa njia ileile, yaani kukimbia, na sasa migahawa imeongezeka. Ndivyo toleo la pili la gemu lilivyozoeleka: moto uongezwe.

Simu janja zilibadili mambo. Mtu anacheza dakika tatu ndani ya basi, anakatizwa, anarudi jioni. Mteja anayenuna kila sekunde hamfai mtu huyo. Kampuni ya GAGEX ya Japani ililielewa hilo ilipotengeneza Hungry Hearts Diner, kisha mwendelezo wake, Hungry Hearts Diner 2: Moonlit Memories. Katika ile ya kwanza, bibi mmoja anaendesha mgahawa mdogo wa mtaani wa enzi ya Showa, kipindi cha 1926 hadi 1989 ambacho Wajapani wengi hukikumbuka kwa huba. Wateja wanakula taratibu. Wakizoea, wanafungua moyo: huyu ana ugomvi nyumbani, yule ana siri ya miaka. Chakula ndicho kinachowafungua midomo, na toleo la pili halikuivunja kanuni hiyo kwa kuongeza kasi.

Hata hivyo, upole huo una hesabu zake. Diner Dash iliuzwa kama bidhaa: unaijaribu bure, ukiipenda unainunua. Gemu nyingi tulivu za simuni hupakuliwa bure, na riziki ya mtengenezaji hutoka kwenye matangazo na manunuzi madogomadogo. Kusubiri, kulikomkera mteja wa Flo, sasa ndiko kunakouzwa, na anayesubiri ni mchezaji. Asiyetaka kulipa wala kutazama tangazo hafukuzwi mgahawani. Sufuria yake itaiva tu, ila kwa muda wake.