Uso wa Katabi

Kusini ya mji wa Mpanda, kupita mto Katuma hapo Sitalike, msafiri huingia katika mbuga pana za viboko, mamba na nyati. Ndani ya mbuga hizo liko ziwa Katavi, na karibu na ziwa hilo uko mkwaju wa kale. Wabende husimulia kwamba katika mkwaju ule hukaa roho ya Katabi, mwindaji shujaa wa zamani. Jina lake lilichukuliwa na ziwa, likachukuliwa na hifadhi iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, na hatimaye likachukuliwa na mkoa mzima ulipozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Rukwa. Hata leo wako watu waendao chini ya mkwaju ule kuweka sadaka na kuomba baraka.

Hadithi ya Katabi haikuja na picha. Msimulizi hutaja mwindaji, naye msikilizaji humpa sura. Mzee humwona kwa uso wa babu yake aliyekuwa hodari wa mishale. Mtoto humwona kwa uso wa mjomba amwogopaye. Mwanamke humwona kwa uso wa mtu aliyempenda akampoteza. Nyuso zote hizo ni halali, wala hapana mmoja awezaye kumwambia mwenziwe kwamba amekosea. Masimulizi ya mdomo yana ukarimu huo: shujaa mmoja hugawanywa kwa watu elfu, na kila mmoja akaenda naye nyumbani mzima.

Sinema haina ukarimu huo. Sinema humchagua mtu mmoja, ikampiga picha, ikasema: huyu ndiye. Siku ile nyuso elfu hufa ili mmoja uishi. Ndiyo maana wapenzi wa mashujaa wenye nguvu za ajabu, wale waliozaliwa katika vitabu vya picha vya Marekani na kuhamishiwa katika sinema, hukasirika sana mwigizaji asiyewaridhisha anapopewa nafasi. Watu wazima huwacheka, wakidhani kwamba hasira ile ni ya kitoto. Walakini katika Afrika ya Mashariki hasira hiyo ina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, na wenye kuicheka aghalabu hawakuisoma.

Mfano ulio karibu ni ule wa Ororo, aitwaye Storm. Binti huyu alibuniwa mwaka 1975 na Len Wein na Dave Cockrum. Baba yake ni Mmarekani mweusi na mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Naye anatawala mvua, upepo na radi. Mtu wa Ukonongo au wa Upimbwe hahitaji kuelezwa sana habari za mtu wa namna hiyo, kwa sababu katika nchi za magharibi ya Tanzania mvua ilikuwa mojawapo ya dhamana za mtemi, na mtemi aliyeshindwa kuileta alikuwa mashakani. Storm alipoingia katika sinema mwaka 2000, nafasi yake ilipewa Halle Berry, na mwaka 2016 ikapewa Alexandra Shipp, wote wawili Wamarekani. Wapenzi wengi walinung'unika. Walisema kwamba ngozi ya waigizaji hao ni nyeupe kuliko ya yule aliyechorwa, na kwamba mwana wa mwanamke wa Kenya amepunguzwa weusi ili apendeze machoni pa watazamaji. Lafudhi ya Kiafrika iliyosikika kidogo katika mchezo wa kwanza ilikwisha kutoweka katika mchezo wa mwaka 2003. Hapakuwa na aliyesema kwamba Halle Berry hajui kazi yake. Yeye ni mwigizaji mwenye sifa kubwa. Walichokililia ni kwamba Kenya ilibaki katika maelezo ya asili ya shujaa, ikafutwa katika uso wake na katika ulimi wake.

Ili kuelewa kilio hicho, yafaa kurudi nyuma kabla ya Storm kubuniwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na majaribio ya sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Yaliongozwa na Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha zilizotoka kwa sehemu kubwa katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Zilitengenezwa filamu 35 hivi, na gari likazichukua kuzionyesha katika Tanganyika na nchi za jirani. Waigizaji wake walikuwa wenyeji. Kwa mara ya kwanza watu wa nchi hii walijiona wakitembea katika kitambaa cheupe. Lakini walitembea kwa amri ya nani? Habari zenyewe zilikuwa za kodi, za akiba ya posta, za minyoo, na za mwerevu anayefuata mashauri na mjinga anayeyakataa. Uso ulikuwa wa mwenyeji. Neno lilikuwa la mwenye nchi wa wakati ule.

Miaka michache baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1946 ulionyeshwa Uingereza mchezo uitwao Men of Two Worlds, ulioongozwa na Thorold Dickinson. Habari yake ni ya Tanganyika. Kisenga, mpiga piano aliyekaa London miaka 15, anarudi kwao kuwasaidia watu wa kabila la kubuniwa, ambao mkuu wa wilaya anataka kuwahamisha kwa sababu mbung'o wanaikaribia nchi yao. Mganga Magole anapinga, na ugomvi wa mchezo umo baina ya hao wawili.

Habari hii haikuwa ngeni kwa watu wa magharibi ya Tanganyika. Kuanzia miaka ya 1920 ugonjwa wa malale ulifanya serikali ya kikoloni kuwahamisha watu wengi kutoka makao yao ya misituni na kuwakusanya katika makazi mapya. Misitu ya miombo ya upande wa Mpanda ni nchi ya mbung'o hasa, na ziko mbuga zilizobakia na wanyama kwa sababu watu walitengwa nazo. Yule anayehamishwa huacha makaburi, miti ya matambiko na majina ya vijito. Kwa hiyo mchezo ule uligusa jambo ambalo watu halisi walikuwa wamelilipia kwa machozi. Ungetazamia kwamba mmoja wao angeulizwa.

Nafasi ya Kisenga ilipewa Robert Adams, mzaliwa wa Guyana, huko Amerika ya Kusini. Nafasi ya Magole ilipewa Orlando Martins, mzaliwa wa Nigeria. Wapiga picha walikuja Tanganyika kuchukua sura ya nchi, lakini sehemu kubwa ya mchezo ilitengenezwa katika studio za Denham karibu na London. Tanganyika ilitoa milima na jua. Watu wa kwingine wakatoa nyuso. Maneno yakaandikwa na watu wa tatu. Manung'uniko hayakukosekana. Chama cha Wanafunzi wa Afrika Magharibi kilichokuwa London kiliuandikia utawala kuupinga mchezo ule, kwa kuwa ulimwonyesha Mwafrika kama mtu aliyefungwa na uchawi. Yafaa kuangalia vema: waliolalamika hawakulalamikia kwanza nchi ya kuzaliwa ya mwigizaji. Walilalamikia neno alilopewa kusema.

Tena ingekuwa dhuluma kumtwika Adams lawama. Alikuwa mtu aliyesoma, aliyewahi kuwa mwalimu, na katika London aliunda kundi la tamthilia la watu weusi. Katika King Solomon's Mines ya mwaka 1937 alipewa kuwa Twala, mfalme mkatili. Kwa mtu wa namna yake Kisenga ilikuwa nafasi adimu ya kuonyesha mtu mweusi mwenye elimu, huzuni na heshima. Asingeichukua yeye, yamkini isingechukuliwa na Mtanganyika, ingekufa tu. Mwenye njaa aliyepewa sahani ya mwenziwe si mwizi. Mwenye kuulizwa ni mgawaji.

Baada ya miaka 72, mwezi wa Februari 2018, dunia ilionyeshwa Black Panther. Nchi ya Wakanda ni ya kubuniwa, na waandishi wake mara nyingi wameiweka upande wa mashariki ya Afrika. Furaha ya Waafrika ilikuwa kubwa, na ilikuwa na haki. Lupita Nyong'o, aliyelelewa Kenya, alikuwamo. Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, alikuwamo. Daniel Kaluuya, mwana wa wazazi wa Uganda, alikuwamo. Hata hivyo mfalme alikuwa Chadwick Boseman wa South Carolina, na dada yake mfalme alikuwa Letitia Wright, mzaliwa wa Guyana. Guyana tena! Lugha ya Wakanda nayo ilikuwa Kixhosa, lugha ya mwigizaji John Kani wa Afrika Kusini, iliyoanza kutumiwa katika mchezo wa mwaka 2016. Wako wasemaji wa Kiswahili walioguna: nchi yawekwa mashariki, ulimi watolewa kusini.

Je, tofauti ya mwaka 1946 na mwaka 2018 ni ipi, maadam Mguyana alikuwapo mara zote mbili? Tofauti ni kwamba safari ya pili aliyeongoza mchezo, Ryan Coogler, alikuwa mtu mweusi, na waigizaji walikuwa na sauti katika kazi yao. Boseman mwenyewe alikataa mfalme wa Wakanda asizungumze kwa lafudhi ya Kiingereza cha Ulaya, akieleza kwamba nchi isiyopata kutawaliwa haina sababu ya kuazima ulimi wa mtawala. Mtu wa South Carolina aliutetea ulimi wa Afrika. Damu yake haikumzuia, wala damu ya wenyeji wa Vugiri haikuwapa neno.

Wapo watakaojibu kwamba dawa ni nyepesi: kila shujaa aigizwe na mtu wa kwao. Jibu hilo ni tamu mpaka lipimwe Mpanda. Mji ule ulikuzwa na mgodi wa risasi na reli iliyojengwa kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940. Katika mkoa wake wamo Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa, Wanyamwezi, Wasukuma na Waha. Tangu mwaka 1972 waliingia pia watu waliokimbia mauaji ya Burundi, wakafyeka misitu ya Katumba na baadaye ya Mishamo, wakalima, wakazaa na kuzika. Mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya namna hiyo, pamoja na wale wa Ulyankulu, walipewa uraia wa Tanzania.

Basi na ichukuliwe kwamba kesho patatengenezwa mchezo wa Katabi, na kijana mmoja wa Katumba, hodari kupita wenziwe, akaja kuomba nafasi. Alizaliwa Katavi, babu yake alizikwa Katavi. Atakataliwa kwa sababu si Mbende? Yule anayedai damu katika sinema ajue kwamba anapanda mbegu, na kwamba mbegu hiyo haitaota katika sinema peke yake. Swali la nani awe uso wa shujaa ni ndugu wa swali la nani ni mtu wa hapa. Nchi iliyowahi kusema mgeni njoo, mwenyeji apone, haiwezi kujibu maswali hayo mawili kwa ndimi mbili.

Lakini kinyume chake pia ni kweli. Mchezo huo ukitengenezwa na Wabende wasiulizwe, mkwaju wao ukafanywa pambo na roho yao ikafanywa kichekesho, basi hata mwigizaji akiwa Mbende wa damu, dhuluma itakuwa ile ile ya Vugiri. Kuuliza si ujinga. Haki inayodaiwa na wapenzi wenye hasira, ijapokuwa wengi wao huitaja kwa jina la ngozi au la nywele, ni haki ya kuulizwa kabla uso mmoja haujafuta nyuso elfu.

Kwamba jambo hilo lawezekana, limekwisha kuonyeshwa. Katika Februari ile ile ya mwaka 2018 ulionyeshwa Berlin mchezo wa Kenya uitwao Supa Modo, ulioongozwa na Likarion Wainaina. Mtoto wa kike wa miaka 9, Jo, ana ugonjwa usiopona, naye anapenda mno mashujaa wa sinema. Watu wa kijiji chake wanashirikiana kumsadikisha kwamba ana nguvu za ajabu, kisha wanatengeneza sinema yao wenyewe, na shujaa wake ni yeye. Fedha zake hazilingani hata kidogo na zile za Wakanda. Lakini hapana mtazamaji awezaye kusema kwamba mtoto yule hakustahili, kwa sababu waliomchagua ni wale wale ambao shujaa ni wao.

Mkwaju wa Katavi ungali umesimama bila picha. Siku picha itakapokuja, na hapana shaka itakuja, watu wa Mpanda watakuwa na la kusema: wengine watasifu, wengine watakasirika. Hasira hiyo isichekwe. Mtu hagombanii uso wa shujaa asiyemjali. Hugombania yule aliyempa uso yeye mwenyewe, usiku, alipokuwa akisimuliwa.