Mkunjo wa Arps na Mafuta ya Oman

Kisima cha mafuta hutoa kwa wingi siku zake za mwanzo, kisha hupungua. Kinapungua kwa kasi gani, na kwa mkunjo wa namna gani, ndiyo hesabu iliyowashughulisha wahandisi wa Maskati tangu bandari ya Mina al Fahal ilipopakia shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya Oman, tarehe 27 Julai 1967.

Safari ya kuifikia siku hiyo ilikuwa ya miaka thelathini. Sultani Said bin Taimur alitoa kibali cha utafutaji mwaka 1937, lakini kisima cha kwanza cha Fahud hakikuanza kuchimbwa hadi 1956. Kilitoka kikavu. Baadaye ilibainika kuwa kilikuwa mita mia chache tu kutoka kwenye mafuta, ng'ambo ya ufa wa mwamba. Wabia wengi wa kampuni iliyokuwa ikitafuta mafuta walikata tamaa na kujitoa mwaka 1960, wakabaki Shell na Partex. Hao wawili ndio waliovuna: uwanja wa mafuta wa Yibal ulipatikana 1962, wa Natih 1963, na wa Fahud wenyewe 1964. Bomba likavuta mafuta kutoka jangwani, likavuka milima ya Hajar hadi pwani ya Maskati. Serikali ilichukua asilimia 60 ya kampuni mwaka 1974, na mwaka 1980 ikasajiliwa kama Petroleum Development Oman, ambayo kila mtu huiita PDO.

Sultani Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970, aliwaita nyumbani Waomani waliotawanyika nje. Miongoni mwao walikuwa wengi kutoka Zanzibar, waliolazimika kuhama baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na wengine kutoka Tanganyika, Kenya na maziwa makuu. Walikuwa na elimu ya shule na Kiingereza, vitu viwili ambavyo nchi yenye shule chache mno ilivihitaji upesi. Wizara, benki na kampuni ya mafuta ziliwaajiri. Historia ya Kiswahili cha Maskati kwa kawaida husimuliwa kwa mapishi, taarabu na ndoa. Meza za ofisi za miaka ya sabini, zenye faili za vipimo vya visima, hutajwa kwa nadra, ingawa nazo ni sehemu ya historia hiyo.

Vipimo hivyo ni vya kuchosha: kila kisima, kila mwezi, mapipa mangapi ya mafuta, mangapi ya maji, gesi kiasi gani. Faida yake huonekana pale vinapooanishwa na mlinganyo. Mlinganyo unaotumika zaidi duniani uliwekwa na J. J. Arps mwaka 1945, katika makala iliyochapishwa na taasisi ya wahandisi wa madini ya Marekani. Hakubuni kila kitu mwenyewe, kwa kuwa wengine walikuwa wakichora mistari ya kupungua kwa visima tangu mwanzoni mwa karne. Alichofanya Arps ni kuikusanya michoro hiyo chini ya kanuni moja:

q = q₀ / (1 + bDt)^(1/b)

Hapa q ni mapipa kwa siku baada ya muda t, q₀ ni kiwango cha mwanzo, D ni kasi ya kupungua mwanzoni, na b ni namba inayoamua jinsi kasi hiyo inavyolegea kadiri kisima kinavyozeeka. b ikikaribia sifuri, kisima hupoteza sehemu ileile ya kilichobaki kila mwaka. b ikiwa 1, kupungua hulegea sana na mkia wa mkunjo huwa mrefu. Visima vingi vya kawaida huangukia katikati.

Ugumu uko kwenye b na D. Katika mstari ulionyooka, kila namba isiyojulikana husimama peke yake, na kanuni ya jumla ndogo kabisa ya miraba, aliyoichapisha Legendre mwaka 1805, huipata kwa hatua moja. Katika mlinganyo wa Arps, b imo ndani ya mabano na imo tena kwenye kipeo, imeshikana na D. Hakuna hatua moja ya kuzitenganisha. Wahandisi wa zamani walikwepa tatizo kwa karatasi. Walichora vipimo kwenye karatasi ya nusu-logi, yenye mhimili mmoja tu wa logi, na vikikaa katika mstari ulionyooka walijua b ni sifuri na kazi imekwisha. Visipokaa, walijaribu karatasi nyingine. Michoro ya mfano aliyoichapisha Fetkovich mwaka 1980 iliendeleza desturi hiyo kwa ustadi zaidi: vipimo vilichorwa kwenye karatasi angavu, ikasogezwa juu ya familia ya mikunjo iliyokwisha kuchorwa mpaka nukta zikalaliana na mmojawapo. Jicho lilifanya kazi ya hesabu. Fetkovich aliongeza pia jambo ambalo Arps hakuwa nalo, yaani sababu za kifizikia. Alionyesha kuwa mkunjo wenye b sifuri ndio unaotarajiwa pale shinikizo la hifadhi ya mafuta iliyofungwa linapokwisha taratibu huku shinikizo la chini ya kisima likishikiliwa pale pale.

Njia ya kukokotoa ilikuwapo muda wote huo. Kenneth Levenberg, aliyekuwa akifanya kazi katika ghala la silaha la Frankford huko Marekani, aliichapisha mwaka 1944, mwaka mmoja kabla ya makala ya Arps. Donald Marquardt wa kampuni ya kemikali ya DuPont aliiboresha mwaka 1963. Mhesabuji huanza kwa makisio ya q₀, D na b, hukokotoa mkunjo, hupima tofauti kati yake na kila kipimo, huzipandisha tofauti hizo kipeo cha pili na kuzijumlisha. Kisha makisio husogezwa upande unaopunguza jumla. Jumla ikipungua, hatua inayofuata huwa ya kijasiri zaidi. Ikiongezeka, hatua hufupishwa. Makisio ya kuanzia yakiwa mabaya, hesabu inaweza kutua kwenye jibu lililo bora kuliko majirani zake tu. Leo programu ya jedwali kwenye kompyuta ya mezani huimaliza kazi hiyo kwa sekunde, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu jibu hutoka hata pale vipimo visipotosha kulitoa.

Chukua kisima cha mapipa 1,000 kwa siku chenye D ya 0.20 kwa mwaka. Baada ya miaka miwili, b ya sifuri inatoa mapipa 670, b ya 0.5 inatoa 694, na b ya 1 inatoa 714. Tofauti hizo humezwa na makosa ya kawaida ya upimaji, pampu iliyozimwa wiki moja, au kisima jirani kilichofungwa. Baada ya miaka kumi mikunjo ileile inatoa 135, 250 na 333. Baada ya ishirini: 18, 111 na 200. Vipimo vya miaka miwili huipokea mikunjo yote mitatu, ilhali akiba inayotokana nayo, yaani mafuta yanayotarajiwa kutoka, ni vitu vitatu mbalimbali kabisa.

Yibal ilikuwa na mtego mwingine. Mafuta yake yamo katika mwamba wa chokaa wa Shuaiba, na maji yalipigwa chini ili kuyasukuma. Katika miaka ya tisini visima vya mlalo, vinavyopita kwa urefu ndani ya tabaka la mafuta, viliupandisha uzalishaji ukazidi mapipa 200,000 kwa siku. Mlinganyo wa Arps hauna la kusema wakati wa kupanda: D na b hujifunua tu kisima kinaposhuka katika mazingira yasiyobadilika, na kila kisima kipya hubadilisha mazingira. Visima vya mlalo kwa sehemu kubwa viliyatoa upesi mafuta ambayo yangetoka baadaye. Baada ya 1997 maji yalivifikia visima hivyo, na uwanja ukaanza kushuka kwa takriban asilimia 12 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, ndani ya miaka sita haibaki hata nusu.

Januari 2004 Shell, mbia katika PDO, ilitangaza kupunguza akiba yake iliyothibitishwa duniani kwa mapipa bilioni 3.9, sehemu ya tano ya akiba yote, na Oman ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoguswa. Mwenyekiti wake, Philip Watts, aliondoka mwezi Machi. Si haki kumtwisha Arps lawama hiyo, maana sehemu kubwa ya mzozo ilihusu kanuni za lini akiba inaruhusiwa kuandikwa kuwa imethibitishwa.

Uzalishaji wa nchi nzima ulishuka kutoka takriban mapipa 960,000 kwa siku mwaka 2000 hadi kama 710,000 mwaka 2007. Kilichougeuza ni mbinu za kulazimisha mafuta mazito yatoke: mvuke kule Mukhaizna na Qarn Alam, maji yaliyokolezwa kwa polima kule Marmul. Mwaka 2016 uzalishaji ulipita milioni moja. Anayeoanisha mkunjo mmoja na takwimu za taifa za miaka hiyo yote anapoteza wakati, kwani kila mbinu ina mlinganyo wake, na visima vya mvuke hupanda kwanza kabla ya kushuka.

Gesi ya Khazzan, iliyoanza kutoka mwaka 2017, imerudisha swali la b kwa sura mpya. Katika miamba iliyobana kama ya huko, vipimo vya miaka ya mwanzo mara nyingi hutoa b inayozidi 1. Hapo mlinganyo, ukiachwa uendelee, huahidi akiba isiyo na kikomo, jambo ambalo hakuna mwamba uwezao kulitimiza. Wahandisi huukata mkunjo pale kasi ya kupungua inapofikia asilimia ndogo iliyochaguliwa, na kuanzia hapo huushusha kwa b ya sifuri. Vipimo vyenyewe havisemi ni wapi pa kukata. Mhandisi hupachagua kwa kuangalia visima vikongwe vya miamba inayofanana.