Homa ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Munisagara ni kituo cha reli magharibi ya mji wa Kilosa, kwenye bonde la mto Mkondoa, katikati ya milima ya Usagara. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Reli ina vitabu vyake, na mafuriko yanayoing'oa yana taarifa zake. Mimi nimekuwa nikifuatilia jambo dogo zaidi, ambalo hakuna aliyelitunzia kumbukumbu: mzazi anapoamka na kukuta mtoto ana homa, nani aamue kama aende shule au abaki?

Nyumbani kwetu aliyeamua ni bibi. Hakuwa na kipimajoto. Aliweka mgongo wa mkono shingoni kwa mtoto, kisha akamletea uji. Aliyekataa uji alirudi mkekani. Aliyemaliza na kuulizia kiporo cha muhogo alivaa sare. Kipimo hicho hakikuwa kibaya. Mpaka leo wahudumu wa afya humuuliza mama kama mtoto anakula, ananyonya, anacheza. Kasoro yake ni moja: kilimtazama mtoto mmoja tu. Hakikuwauliza wale watatu atakaobanana nao kwenye dawati.

Bibi alianza kuwa na mshindani miaka ya sabini. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani kufikia 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikafanya uandikishaji na mahudhurio kuwa lazima. Mzazi asiyempeleka mtoto angeweza kushtakiwa. Lilikuwa jambo kubwa na jema, na wengi wetu tunaosoma gazeti au kurasa kama hizi ni wajukuu wa uamuzi huo. Lakini daftari la mahudhurio likawa na nguvu ambayo halikuwa nayo zamani. Asiyekuwepo alikuwa mtoro mpaka ithibitike vinginevyo, na uthibitisho ulikuwa karatasi ya zahanati. Kwa familia iliyo mbali na zahanati, maana yake ilikuwa hii: ili kuonyesha kwamba mtoto hawezi kutembea kwenda shule, atembezwe mbali zaidi kutafuta karatasi. Wazazi wengi walipiga hesabu, wakampeleka shule na homa yake.

Hesabu hiyo ilisaidiwa na klorokwini. Waliokua miaka ya themanini na tisini wanakumbuka uchungu wake na mwasho uliowafanya wengine wajikune usiku kucha. Dawa ile ilikuwa na tabia ya kuhadaa: pamoja na kupambana na malaria, iliweza kushusha homa yenyewe. Vimelea vilipozidi kuizoea, mtoto aliweza kupoa mwili, kula uji, kurudi darasani, huku ugonjwa ukiendelea kuitafuna damu yake. Mkono wa bibi ulisema amepona. Daftari la mwalimu lilisema yupo. Serikali iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 na kuweka SP, na mwaka 2006 ikaamua kuhamia dawa mseto.

Miaka yote hiyo, kwetu homa na malaria vilikuwa kama neno moja. Na kwa kuwa malaria huletwa na mbu, wala haipiti moja kwa moja kutoka kwa Asha kwenda kwa Juma, hakukuwa na sababu ya kuwahofia majirani wa dawati. Suala lilikuwa uvumilivu wa mgonjwa tu.

Ndiyo maana utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014 ulinishtua nilipousoma. Watafiti waliwapima kwa undani watoto 1,005 wenye homa, wa umri wa hadi miaka kumi, Dar es Salaam na Ifakara, katika mkoa wetu huu wa Morogoro. Waliokuwa na malaria walikuwa karibu mmoja kati ya kumi. Wengi zaidi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kwa sehemu kubwa visababishi vilikuwa virusi. Yaani nyingi ya homa zile tulizoziita za mbu huenda zilikuwa za kukoholeana. Swali la bibi lilihitaji swali la pili: je, atawapa wenzake?

Hata hivyo, kumrudisha mtoto nyumbani nako si dawa ya kila kitu. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu walianza kucheka bila kujizuia katika shule ya misheni ya Kashasha, karibu na Bukoba. Kufikia Machi 18 wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Wasichana wakarudi kwao, na ugonjwa ukaenda nao. Huko Nshamba, kwao baadhi yao, watu 217 walipatwa. Madaktari walipima na hawakukuta kimelea wala sumu. Waliona ni msongo uliotoka mwilini kwa njia ya kicheko na kilio. Kosa halikuwa kufunga shule. Ila waliofunga hawakuuliza nyumbani kuna nini na kuna nani.

Swali hilo la tatu tulilikuta tena Machi 2020, shule zilipofungwa nchi nzima kwa ajili ya korona hadi zilipofunguliwa zote Juni 29. Kijijini, nyumbani si lazima pawe na mtu. Msimu wa palizi mama yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto mwenye homa atabaki na mdogo wake, au atabebwa hadi shambani alale chini ya mti. Shuleni angalau kuna mwalimu wa zamu atakayeona akianza degedege.

Kwa hiyo siwalaumu wazazi waliowavalisha sare watoto wenye homa. Walipewa swali lenye sehemu tatu na mamlaka ya kujibu moja. Anaweza kuvumilia? Atawaambukiza? Nyumbani atabaki na nani? La kwanza mama analijua kuliko yeyote. La pili linahitaji kipimo na mhudumu aliye karibu. La tatu linahitaji jirani, bibi, au mwajiri anayetoa ruhusa. Na ningependa daftari la mahudhurio limwamini mama anaposema "mgonjwa" siku mbili za kwanza, kabla ya kumdai karatasi.