Ukiwinda Zimwi, Nani Analipa?

Mwaka 1920, Waafrika watano walinyongwa Kenya kwa mauaji ambayo hawakuyafanya. Kesi ilikuwa fupi. Waliodaiwa kuuawa walikuwa wazungu wa msafara wa tajiri mmoja kutoka New York, na ingawa miili ya wazungu hao haikupatikana, mahakama haikuona shida yoyote.

Usiende kutafuta faili hiyo kwenye Nyaraka za Kitaifa pale mjini, haimo. Watano hawa wako ndani ya gemu. Wanatajwa katika kipande cha gazeti wanachopewa wachezaji wa Masks of Nyarlathotep, kisa kirefu kilichochapishwa Marekani mwaka 1984. Wachezaji wanakuwa wapelelezi wa mwaka 1925, wanaanzia New York, wanapitia London na Cairo, wanafika Kenya, na safari inawapeleka hadi Shanghai, wakifuata dini ya siri inayotaka kuufungulia mungu wa kutisha mlango wa dunia. Nairobi wanaweza kukutana na kijana anayeitwa Johnstone Kenyatta, ambaye anawaunganisha na watu wanaojua mambo ya uchawi. Ndiyo, huyo huyo unayemfikiria.

Kenyatta anachekesha, lakini mimi nilikwama kwa wale watano. Katika kisa, kazi yao ni moja: kukuonyesha kwamba habari rasmi ni ya uongo. Ukishaelewa hivyo, unafunga ukurasa na kuendelea kuokoa dunia. Karatasi yako ya mhusika ina mahali pa kuandika bastola, pesa na lugha unazozijua, ila haina mahali pa kuwaandika watu waliokufa ili wewe upate dokezo.

Historia ya gemu za kuwinda mazimwi, kwa miaka zaidi ya arobaini sasa, naisoma kama historia ya kutafuta mahali pa kuandika deni hilo.

Kama hujawahi kucheza, mambo ni rahisi. Watu wanne au watano wanakaa mezani na penseli, karatasi na dadu. Mmoja ni msimulizi, na kila mmoja wa wale wengine anamwendesha mhusika wake. Msimulizi anasema mlango umefunguka, ndani kunanuka samaki, unafanya nini? Unasema unachofanya, kisha dadu zinaamua kama umefaulu. Gemu ya kwanza ya aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ilitoka mwaka 1974. Humo zimwi ni zimwi tu. Unamuua, unachukua dhahabu yake, unapanda daraja. Hakuna anayeuliza kama alikuwa na mama.

Mwaka 1981 kampuni ya Chaosium ikatoa Call of Cthulhu, iliyoandikwa na Sandy Petersen kutokana na hadithi za H. P. Lovecraft. Hapo kitu kikabadilika. Mhusika alipewa alama za akili. Ukiona maiti ikitembea, unapoteza alama. Ukisoma kitabu kisichofaa kusomwa, unapoteza nyingine. Zikiisha zote, mhusika si wako tena. Kwa mara ya kwanza, kujua ukweli kulikuwa na bei, na wasee wakaipenda gemu hiyo mpaka leo.

Lakini angalia kanuni moja ndani yake: ukimshinda zimwi, unarudishiwa alama za akili. Yaani kuua kunakuwa dawa. Na yule mlinzi wa makumbusho uliyempiga risasi ukiwa mbioni? Nyumba uliyoichoma na vitu vya familia vikiwa ndani? Hapo ni wewe na msimulizi wako. Si ajabu wachezaji wa gemu hii wamekuwa na sifa ya kupenda baruti kupita kiasi.

Mwaka ule ule wa 1984 ilitoka Chill, ya kampuni ya Pacesetter. Humo wachezaji ni wajumbe wa chama cha siri cha kimataifa kinachoitwa SAVE, kinachopambana na nguvu za giza popote zinapotokea. Chama kisafi, kina nia njema, watu wake ni jasiri. Tunajuaje? Kitabu kimesema. Kwa miaka ya themanini hilo lilitosha.

Mwaka 1991 likaja Vampire: The Masquerade la White Wolf, nalo likaipindua meza. Sasa zimwi ni wewe. Unakunywa damu za watu na unajaribu usipoteze ubinadamu uliobaki. Mwaka uliofuata wakatoa The Hunters Hunted, kitabu kuhusu binadamu wanaowawinda vampaya. Katika ulimwengu huo kuna Society of Leopold, warithi wa lile Baraza la Kanisa Katoliki lililokuwa likiwatesa na kuwahukumu waliodaiwa kuwa wazushi. Ukikaa upande wa anayewindwa, ukasikia mlango ukigongwa usiku na watu wenye moto na maombi, unaanza kuelewa kwamba mwindaji naye anatisha. Imani yake haimfanyi awe mpole. Pengine ndiyo inayomwondolea shaka ambayo ingemzuia.

Kisha kuna Delta Green, na hapa naomba twende polepole.

Ilionekana kwanza mwaka 1992 katika jarida dogo la mashabiki wa Call of Cthulhu, ikawa kitabu kizima mwaka 1997, kazi ya Dennis Detwiller, Adam Scott Glancy na John Scott Tynes. Ni kundi la siri ndani ya serikali ya Marekani: polisi wa FBI, wanajeshi, madaktari, wote wakifanya kazi moja ya kuua visivyotakiwa kuwepo na kuficha kwamba viliwahi kuwepo. Chanzo chake waandishi walikichukua kwa Lovecraft mwenyewe, kwenye hadithi ya mji wa Innsmouth iliyochapishwa mwaka 1936. Katika hadithi hiyo, serikali inavamia mji wa bandari ambao watu wake wamezaa na viumbe wa baharini. Watu wanakamatwa kwa wingi, nyumba zinalipuliwa, hakuna mashtaka wala kesi. Watetezi wa haki wanapolalamika, wanaitwa pembeni, wanaelezwa mambo kwa siri, wanatembezwa kwenye kambi za wafungwa. Wanarudi kimya.

Lovecraft, ambaye chuki yake kwa wageni na watu weusi inajulikana na imejaa kwenye maandishi yake, hakuandika haya kama lawama. Waandishi wa Delta Green walifanya jambo la akili: waliuchukua uvamizi huo na kuufanya siku ya kuzaliwa kwa mashujaa wao. Kwa hiyo kundi linalolinda ubinadamu lilianza kwa kuufungia mji mzima bila kesi. Kila kinachofuata kinabeba damu hiyo. Katika historia ya gemu, kundi linapata jina lake rasmi mwaka 1942, wakati wa vita. Mwaka 1970 linavunjwa baada ya operesheni iliyoharibika kule Kambodia, lakini wanachama wanakataa kuacha. Tangu hapo wanaiba risasi za serikali, wanaghushi ripoti, wanawanyamazisha mashahidi, na hawana bosi wa kuwauliza.

Hiyo 1970 si mwaka wa kubahatisha kwa Mmarekani. Mwaka 1971 watu walivunja ofisi ya FBI katika mji wa Media, Pennsylvania, wakatoka na nyaraka zilizofichua COINTELPRO, mpango wa siri ulioanza mwaka 1956 wa kuchunguza na kuvuruga vyama vya siasa na harakati za haki za watu weusi. Mwaka 1975 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ikaanika mengine: Martin Luther King alivyofuatwa na kusikilizwa, na majaribio ya CIA ya kuwapa watu dawa za kulevya bila wao kujua. Kila mmoja wa waliofanya hayo alikuwa na sababu. Nchi iko hatarini, wananchi hawawezi kuelewa, tumefanya kwa niaba yao. Toa neno "wakomunisti", weka "mazimwi", na hotuba ya kiongozi wa Delta Green umeshaipata.

White Wolf nao waliendelea. Hunter: The Reckoning ilitoka mwaka 1999, na Hunter: The Vigil mwaka 2008. Hii ya pili ni kama menyu ya njia za kujipotezea. Unaweza kuwa wa Cheiron Group, kampuni ya dawa inayowakamata mazimwi, kuwakata viungo na kuvipandikiza kwenye miili ya wafanyakazi wake. Unaweza kuwa wa Ashwood Abbey, matajiri wanaowinda kwa raha tu, kama watu wa klabu ya wikendi. Au wa Loyalists of Thule, waliorithi hatia ya wazee wao waliowafungulia njia Wanazi na sasa wanajaribu kulipa. Kila kundi lina nguvu fulani, na nguvu hiyo ndiyo bei yake. Gemu pia inakuruhusu kubadili kipimo cha maadili cha mhusika: jambo lililokuwa dhambi kwa mtu wa kawaida, kwa mwindaji linaweza kuandikwa upya kuwa kanuni ya kazi. Hajaacha kuwa na dhamiri, ila dhamiri yenyewe imepinda kufuata kazi.

Halafu mwaka 2016 Delta Green ikarudi ikiwa gemu inayojitegemea, na kwa maoni yangu hapo deni likapata mahali pake. Kwenye karatasi unaandika watu wako: mke, binti, kaka, rafiki wa tangu utotoni. Kila uhusiano una alama. Sasa tuseme ajenti wako ameona kitu na dadu zinamtaka apoteze alama 5 za akili. Anaweza kukaza roho. Anarusha dadu ya pande nne, inatoka 3, analipa 3 za nguvu ya nia, na anapoteza akili 2 tu. Lakini zile 3 zinakatwa pia kwenye uhusiano mmoja aliouandika. Sikumaliza chuo lakini hesabu hii naielewa vizuri. Binti yake ndiye amelipa.

Na hafi mtu. Mnacheza tu tukio la nyumbani baada ya kazi: baba amerudi, haongei, sahani imevunjika, mtoto ameingia chumbani kwake. Kuna kanuni nyingine mbaya zaidi. Ukipitia ukatili mara kadhaa bila kuvunjika, unauzoea. Ukatili haukupunguzii akili tena. Badala yake mvuto wako kwa watu unashuka, na kila uhusiano wako unashuka pamoja nao. Kwa nje unaonekana umepata nafuu. Ndani umekuwa mtu ambaye hakuna anayetaka kukaa naye meza moja.

Ninachokiona kwenye safari hii yote ni kwamba zimwi hakuwahi kuwa tatizo la maadili. Kila mtu mezani anakubali azuiwe. Tatizo ni siri. Chama cha siri kinaanza na sababu nzuri, kwamba watu wataogopa wakijua. Baada ya hapo hakuna hakimu wa kukisikiliza, hakuna mwandishi wa habari, hakuna mama anayeweza kufika kaunta na kuuliza mwanangu yuko wapi. Aliyeua ndiye anayeandika ripoti kuhusu aliyeuawa, na ndiye anayeamua nani ni zimwi.

Watu wa huku walilijua hili zamani, bila dadu. Enzi za ukoloni, Afrika Mashariki ilijaa hadithi za mumiani na wazimamoto, wafanyakazi wa serikali waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 2000, Speaking with Vampires, akionyesha kwamba hadithi hizi zilikuwa njia ya watu kuuelezea utawala ulioingia hadi miilini mwao. Waandishi wa Masks walipoileta Nairobi ya miaka ya ishirini mezani, hofu waliyoiweka ni dini ya Waafrika wanaotoa kafara. Hofu za wakaaji wenyewe zilielekea upande mwingine kabisa, kwenye gari la serikali.

Ndiyo maana nadhani Mkenya anaisoma Delta Green tofauti. Mmarekani akiambiwa kuna gari lisilo na alama na watu wasiovaa sare, anajiona kwenye kiti cha mbele. Mimi nawaza buti. Kikosi cha polisi cha SSU kilivunjwa Oktoba 2022 baada ya shutuma za kuteka na kuua watu. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha, vijana wa rika letu walichukuliwa majumbani na barabarani na watu wasiojitambulisha. Hakukuwa na zimwi popote. Kulikuwa na sababu tu, zile zile.

Kwa hiyo kama una kundi lako na mnapanga kucheza Masks, nina pendekezo. Chukua kanuni ya 2016 uiweke kwenye kisa cha 1984. Wale watano wape majina, na familia. Kila mpelelezi akifika Nairobi, mmoja wa jamaa zao aandikwe kwenye karatasi yake: mjane, mtoto wa miaka kumi, mzee aliyeshuhudia kesi. Wape alama kamili. Halafu chezeni kama kawaida, okoeni dunia, na kila mnapochoma nyumba au kumnyamazisha shahidi, kateni alama pale. Mwisho wa kisa hesabuni zilizobaki, kisha msimulizi aulize nani kati yenu ataenda kumwambia yule mjane ukweli, na atasema nini.