Namna ya Kubaini Uvujaji wa Upepo Katika Springi za Upepo za Magari

Na Mwandishi Wetu

Mabasi mengi ya masafa marefu, malori, matrela na baadhi ya magari madogo ya kisasa hubebwa na springi za upepo badala ya springi za chuma. Springi hizo ni mifuko ya mpira mgumu iliyojazwa hewa yenye mgandamizo. Humpatia abiria safari tulivu na hupunguza mtikisiko unaoharibu mizigo, lakini ufanisi wake wote hutegemea jambo moja: upepo usivuje.

Makala haya yanafafanua hatua za kutambua mahali upepo unapovujia, ili wamiliki, madereva na mafundi waepuke kubadilisha vipuri kwa kubahatisha na, zaidi ya yote, kuhatarisha maisha.

Mfumo unavyofanya kazi

Katika magari makubwa, kompresa inayozungushwa na injini husukuma hewa kupitia kikaushio hadi kwenye matangi. Breki za upepo hutegemea kompresa hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo, mfumo huwekewa valvu ya ulinzi inayotanguliza matangi ya breki kabla ya upepo kuelekezwa kwenye springi.

Kimo cha gari husimamiwa na valvu ya kusawazisha iliyofungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli kwa fimbo ndogo. Mzigo unapoongezeka, chesisi hushuka na valvu huingiza upepo. Mzigo unapopungua, valvu huutoa. Katika magari madogo, kazi hiyo hufanywa na kompresa ya umeme pamoja na sensa za kimo.

Dalili za uvujaji

Dalili za kawaida ni gari kulalia upande mmoja au kushuka nyuma baada ya kuegeshwa kwa saa kadhaa, geji ya upepo kushuka haraka injini inapozimwa, kompresa kufanya kazi muda mrefu bila kupumzika, na sauti ya upepo chini ya gari.

Ieleweke kuwa si kila kushuka ni hitilafu. Hewa hupungua mgandamizo inapopoa usiku, hivyo gari kushuka kidogo, kwa usawa pande zote, ni jambo la kawaida.

Usalama kwanza

Springi ikipoteza upepo ghafla, chesisi hushuka mara moja na kumbana aliye chini yake. Ni marufuku kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na springi za upepo au jeki pekee. Gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe vizuizi, na chesisi ikingwe kwa stendi za chuma zenye uwezo wa kubeba uzito husika. Upepo utolewe wote kabla ya kufungua bomba au springi yoyote. Kwa magari yanayojisawazisha kwa umeme, mfumo uzimwe kwanza kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji.

Hatua za uchunguzi

1. *Kupima.* Jaza upepo hadi kompresa iache kujaza yenyewe, kisha zima injini. Andika usomaji wa geji na kimo cha kila kona, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Rudia baada ya dakika 15, baada ya saa 1 na asubuhi inayofuata.

2. *Kusoma namna gari linavyolala.* Kona moja ikishuka, chunguza kwanza springi na bomba la kona hiyo. Ekseli nzima ikishuka kwa usawa, valvu ya kusawazisha au bomba linaloilisha huwa chanzo kinachowezekana zaidi. Hata hivyo, pale valvu moja inapolisha springi mbili, tundu katika springi moja huweza kuzishusha zote. Geji za breki nazo zikishuka, uchunguzi uhamie kwenye matangi, kikaushio na breki zenyewe.

3. *Maji ya sabuni.* Mfumo ukiwa na upepo, paka maji ya sabuni kwenye maungio, mabomba, sahani za juu na chini za springi, na mikunjo ya mpira. Mapovu yanayokua huonesha mahali pa uvujaji. Rudia gari likiwa katika kimo tofauti, kwa kuwa baadhi ya nyufa hufunguka mpira unaponyooka tu. Suuza baada ya kazi. Petroli na mafuta mengine yasitumike, kwani huharibu mpira.

4. *Tundu la kutolea upepo la valvu.* Likitoa upepo mfululizo, kagua kwanza kama fimbo imepinda au imelegea. Fimbo ikiwa sawa na upepo ukaendelea kutoka valvu ikiwa katika nafasi ya kati, hitilafu imo ndani ya valvu.

5. *Kutenganisha.* Chanzo kisipoonekana, ziba kwa muda njia ya springi moja baada ya nyingine, gari likiwa juu ya stendi, na kuangalia ni wapi upepo unaendelea kupungua.

Sababu na athari

Mpira huchakaa kwa umri, mchanga na tope linalonasa kwenye mikunjo. Mabomba hutoboka yanaposugua chesisi au kupita karibu na eksozi. Kikaushio kibovu hupitisha unyevu unaoleta kutu ndani ya valvu, na shokapu zilizokufa huruhusu springi kuvutwa kupita kiasi.

Kubadilisha kompresa huku uvujaji ukibaki ni hasara, kwa kuwa kompresa mpya nayo itafanya kazi kupita kiasi na kufa mapema. Kwa magari ya mizigo kuna athari nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa uzito wote wa gari, pamoja na ukomo wa kila ekseli. Springi isiyo na upepo huweza kuhamishia mzigo kwenye ekseli nyingine, na gari likazidisha uzito wa ekseli kwenye mizani ilhali uzito wa jumla uko ndani ya sheria.

Wajibu wa kila mmoja

Madereva wanakumbushwa kuzunguka gari na kusoma geji kabla ya kila safari, na kutoliondoa gari lililolala upande au ambalo taa ya tahadhari ya upepo inawaka. Wamiliki wanatakiwa kubadilisha springi iliyopasuka. Kuiziba kwa gundi na vipande vya tyubu, au kuweka kipande cha mbao badala yake, si matengenezo. Abiria anayeona basi limelala upande mmoja kabla ya safari anashauriwa kumweleza dereva na, asiposikilizwa, kutoa taarifa kwa askari wa usalama barabarani aliyepo kituoni.