Kipande cha Mutanti: Jinsi Tulivyozipanga Filamu za X-Men

Muhula huu chama chetu kilitazama filamu nane za X-Men, moja kila Ijumaa, kisha tukapiga kura kuzipanga kuanzia ya mwisho hadi ya kwanza. Tulidhani kazi itakuwa nyepesi, kumbe! Kila mtu alikuja na kipimo chake: huyu mapigano, yule uigizaji, mwingine Wolverine na makucha yake tu. Ubishi ukafikia kiwango cha Simba na Yanga. Kilichotuokoa ni swali la mwenzetu mmoja wa Kisumu baada ya filamu ya kwanza: "Hii sheria ya kuwaandikisha mamutanti, si ndiyo kipande?" Tangu hapo tukapata kipimo cha pamoja. Tuliiuliza kila filamu inasema nini kuhusu mtu anayeandikwa katika orodha kwa sababu ya alivyozaliwa.

Wasomaji wadogo huenda hawakijui kipande. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 au zaidi alitakiwa kuchukua karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, kama kengele ya mbuzi. Asiyekuwa nayo alitozwa faini au kufungwa. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, malalamiko dhidi ya kipande yalikuwa miongoni mwa yaliyowaleta watu barabarani Nairobi, na polisi wakawapiga risasi. Neno lenyewe ni la Kiswahili, na Waingereza wakaliingiza katika nyaraka zao bila kulitafsiri.

Sasa turudi kwa X-Men. Stan Lee na Jack Kirby waliwaanzisha katika vitabu vya katuni vya Marvel mwaka 1963, mwaka uleule wa maandamano makubwa ya Washington. Mamutanti ni watu waliozaliwa na tofauti katika chembe zao za urithi, tofauti inayowapa nguvu za ajabu na kuwafanya waogopwe. Profesa Charles Xavier anaamini wataishi kwa amani na binadamu wengine, Magneto anaamini wataangamizwa wasipowahi. Wengi wamewafananisha na Martin Luther King na Malcolm X, ingawa mfano huo unamwonea Malcolm, ambaye hakutaka kuitawala dunia. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum walilifufua kundi hilo kwa kuleta watu wa mataifa mbalimbali. Mmoja wao ni Ororo Munroe, aitwaye Storm, mwanamke anayeamrisha mvua na radi, ambaye mama yake ni Mkenya. Mwandishi Chris Claremont, aliyezishika hadithi hizo kwa miaka 16, ndiye aliyempa Magneto historia ya kunusurika kambi za Wanazi.

Tumeziacha nje filamu mbili za mwanzo za Wolverine peke yake, za Deadpool, na The New Mutants. Hizo zinahitaji Ijumaa zake. Orodha yetu ndiyo hii.

Ya nane: Dark Phoenix (2019). Jean Grey anapata nguvu asizoweza kuzidhibiti, na viumbe wa anga za mbali wanazitaka. Filamu inasema tuko mwaka 1992, lakini ukiondoa tarehe hiyo hakuna kitakachobadilika. Ilitoka miezi michache baada ya Disney kuinunua kampuni ya Fox, na inaonekana kama harusi ambayo wenyeji wameshaanza kukunja maturubai.

Ya saba: X-Men: Apocalypse (2016). Tunapelekwa mwaka 1983, na Storm kijana, aliyeigizwa na Alexandra Shipp, anaishi Kairo kwa wizi wa mitaani. Huo ni mwanzo mzuri, lakini baada ya dakika chache anakuwa mpambe wa adui na hana la kusema. Kilichotuudhi zaidi ni Magneto kupelekwa Auschwitz, mahali ambapo zaidi ya watu milioni moja waliuawa, ili aibomoe kambi kwa madoido ya kompyuta. Historia ile imegeuzwa kuwa pazia la nyuma la jukwaa.

Ya sita: X-Men: The Last Stand (2006). Hapa tulibishana. Wanasayansi wamepata dawa ya kumwondolea mutanti nguvu zake. Storm anakasirika, kwani si ugonjwa hata watibiwe. Lakini Rogue, msichana asiyeweza kumgusa mtu bila kumdhuru, anaitaka. Swali hilo lina uzito: nani ana haki ya kumwambia Rogue avumilie? Kisha dawa iliyotangazwa kuwa ya hiari inatiwa katika risasi za askari. Filamu ilikuwa na mada kubwa mkononi, ikaiacha ili ishughulike na vita vya kisiwa cha Alcatraz.

Ya tano: X-Men: First Class (2011). Wapo waliotaka iwe ya kwanza, na kama uigizaji ndio ungekuwa kipimo, James McAvoy na Michael Fassbender wangeipandisha. Inasimulia urafiki wa Xavier na Magneto mwaka 1962, wakati wa mgogoro wa makombora ya Cuba. Mwishoni meli za Marekani na za Urusi, zilizokuwa tayari kuangamizana, zinageuka pamoja na kuwafyatulia makombora mamutanti walioko ufukweni. Mahasimu wanapatana mara moja wakimpata mgeni wa kumwogopa kwa pamoja. Hiyo ni historia iliyoeleweka vizuri.

Ila mwaka 1962 Marekani haikuwa na mgogoro wa Cuba peke yake. Wiki tatu kabla Rais Kennedy hajalihutubia taifa kuhusu makombora, James Meredith aliingia Chuo Kikuu cha Mississippi akilindwa na maofisa wa serikali kuu, baada ya ghasia zilizoua watu wawili, kwa sababu tu alikuwa Mweusi. Filamu inayoazima hoja za wapigania haki hao haiwataji. Kijana Mweusi katika kundi ni Darwin, ambaye mwili wake hubadilika ili uokoke katika hatari yoyote. Anaigizwa na Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi. Adui anapozungumzia utumwa, kamera inamgeukia Darwin, na muda mfupi baadaye anauawa. Nyumbani tulipokuwa tukitazama video tulifundishwa kwamba stelingi hafi. Sasa mtu ambaye nguvu yake yote ni kutokufa anakufa kabla ya wote!

Ya nne: X-Men: Days of Future Past (2014). Hadithi yake inatokana na katuni ya mwaka 1981. Mashine ziitwazo Sentinel zimewamaliza mamutanti, na Wolverine anarudishwa hadi 1973 azuie zisitengenezwe. Filamu inaijua 1973 vizuri: Wamarekani wanajitoa Vietnam, mkataba wa amani unasainiwa Paris mwezi Januari, na mtengenezaji silaha Bolivar Trask anatafuta adui mpya kwa sababu vita vinaisha na biashara yake inahitaji soko. Tulipenda hasa pale Mystique anapofungua mafaili ya Trask na kukuta picha za rafiki zake waliopasuliwa maabara. Hasemi kitu, na hatukuhitaji aseme. Faili la mtu aliyehesabiwa kama kitu linatosha.

Ya tatu: X-Men (2000). Leo mapigano yake yanaonekana ya kizamani. Hata hivyo hii ndiyo iliyothibitisha kwamba filamu ya mashujaa wa katuni inaweza kuanza kwa huzuni ya kweli: mvua, matope, Poland mwaka 1944, mtoto Myahudi anatenganishwa na wazazi wake langoni mwa kambi. Kisha tunarukia baraza la Seneti la Marekani, ambako Seneta Kelly anataka mamutanti waandikishwe. Hoja yake ni ya upole: tunawapa leseni wenye magari, kwa nini tusiwajue wenye nguvu hatari? Mtoto yule wa Poland, sasa mzee, anasikiliza. Anajua orodha ilimpeleka wapi. Waongozaji wengine wangehitaji saa nzima kulieleza hilo, Bryan Singer alitumia dakika chache. Na vita vya mwisho vinapiganwa karibu na kisiwa cha Ellis, mlango ambao mamilioni ya wahamiaji waliingilia Marekani kati ya 1892 na 1954, wakikaguliwa macho na kuandikwa vitabuni.

Ya pili: Logan (2017). Mwongozaji James Mangold anatupeleka 2029, mpakani mwa Mexico. Watoto waliotengenezwa maabara, kila mmoja na namba yake, wametoroshwa na manesi na wanakimbilia Canada. Laura, mwenye namba X-23, anazungumza Kihispania, na kwa muda mrefu hazungumzi kabisa. Wenzetu waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma kabla ya kufika hapa walinyamaza filamu ilipoisha. Ilipata kura chache tu pungufu ya mshindi. Kilichoiangusha ni familia ya Munson: Weusi, wakulima, wanaowapa wageni chakula na mahali pa kulala, kisha wote wanauawa. Ukarimu wao unatumika kutuonyesha ukatili wa adui, halafu safari inaendelea.

Ya kwanza: X2 (2003). Sababu yetu ni moja, nayo ni Cerebro. Hii ni mashine aliyoijenga Xavier ili awapate mamutanti duniani kote na kuwasaidia. Ni orodha iliyotengenezwa na rafiki kwa nia njema. Katika X2, Kanali Stryker anavamia shule ya Xavier usiku, anakamata watoto, kisha anatumia nakala ya Cerebro hiyo kutaka kuwaua mamutanti wote kwa mara moja. Filamu haimlaumu Xavier waziwazi, lakini inatuachia swali zito: orodha ikishakuwepo, nani atakuwa na ufunguo wake kesho?

Sisi wa Maziwa Makuu tunalijua jibu. Wabelgiji waliandika kabila katika vitambulisho vya Wanyarwanda miaka ya 1930. Zilipita kama miaka 60, na mwaka 1994 mstari ule mmoja wa kitambulisho ulisomwa kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani aishi na nani afe. Wengi wa makarani walioanza kuujaza hawakuwepo tena.

Kuna na mwaka wenyewe. X2 ilianza kuonyeshwa Mei 2003. Miezi michache kabla, serikali ya Marekani ilianza kuwaita wanaume wageni wa kuanzia miaka 16, kutoka nchi maalumu, wafike ofisi za uhamiaji wapigwe picha, wachukuliwe alama za vidole na kuhojiwa. Nchi zilifika 25, Oman na Somalia zikiwemo. Wanafunzi kama sisi walipanga foleni. Zaidi ya 13,000 kati ya waliokwenda wenyewe kutii amri walifunguliwa taratibu za kufukuzwa nchini. Mpango ule ulisimamishwa 2011, na kanuni zake zikafutwa Desemba 2016. Filamu iliandikwa kabla ya hayo, lakini waliokaa sinema mwaka ule hawakuhitaji kufafanuliwa.

Kuna pia mazungumzo mafupi ambayo tuliyarudia mara mbili. Nightcrawler, mwenye ngozi ya buluu na mkia, anamuuliza Mystique kwa nini hajigeuzi afanane na watu wengine wakati wote, maana anaweza. Mystique anamjibu kwamba hawapaswi kulazimika. Kila aliyewahi kubadilisha lafudhi yake dukani ili asiulizwe ametoka wapi alielewa.

Hapo ndipo tulipomkumbuka Storm. Katika filamu ya 2000 Halle Berry alijaribu lafudhi ya Kiafrika kidogo, na katika X2 lafudhi ile ikatoweka. Huyu ni binti wa mama Mkenya, na mama yake angeweza kumsimulia baba au babu aliyevaa kikopo shingoni. Anakaa katika mjadala wa kuandikisha watu filamu baada ya filamu, na hakuna mwandishi aliyewahi kumuuliza anaonaje. Magneto alipewa Poland ya 1944, na ilistahili. Storm hakupewa Nairobi ya 1922.

Sasa X-Men wako mikononi mwa Disney. Wakitaka kutengeneza filamu mpya, ombi letu si gumu: wampe Storm dakika tano mbele ya Seneti. Wasiokubaliana na orodha yetu, hasa mashabiki wa Logan, karibuni Ijumaa tuhesabu kura upya.